Je, Mtu Aweza Kumwacha Mwenzake wa Kazi?

Kwa watu wengi wa nchi yetu barafu ni kitu cha dukani. Ya asili iko juu ya Kilimanjaro tu, nayo yapungua mwaka hata mwaka. Kwa hiyo twakiri mapema kwamba mchezo wa kuteleza juu ya barafu twaujua kwa macho ya mgeni, kwa kuutazama katika televisheni, wala hatujapata kuvaa viatu vyake. Lakini juma hili twapenda kuuzungumzia, kwa sababu ndani yake limo swali tuliloulizwa hivi karibuni na mtu asiyejua lolote juu ya barafu. Yeye ni fundi seremala. Amefanya kazi na mwenzake miaka 9 katika karakana moja, kwa mashine moja waliyoinunua kwa mkopo mmoja, na sasa amepata nafasi bora mahali pengine. Alituuliza: Je, ni dhambi kumwacha?

Hatukumjibu siku ile. Swali kama hilo huonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu. Tumeona afadhali tulipitie polepole, kwa mfano wa watu ambao maisha yao yameandikwa hadharani, ili tusimhukumu fundi wetu wala mwenzake.

Kuteleza kwa barafu ni kwa namna nyingi. Namna tunayoisema huchezwa na wawili, mwanamume na mwanamke, juu ya uwanja wa barafu wenye urefu wa meta 60 na upana wa meta 30. Viatu vyao vina chuma chembamba chini ya nyayo, unene wake kama milimeta 4, na juu ya chuma hicho mwili wote husimama, hukimbia, huruka na kutua. Wawili hao huruka kwa pamoja, kila mmoja kwa miguu yake, bega kwa bega. Mwanamume humwinua mwanamke juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja huku yeye mwenyewe akienda kwa kasi. Kisha humtupa. Neno si la kutia chumvi: humrusha mbali naye, mwanamke huzunguka hewani mara tatu na kutua peke yake kwa mguu mmoja, akienda kinyumenyume. Mahali pa kuangukia ni pagumu kama saruji.

Sasa, wasomaji wetu wa makamo waikumbuke kazi ya kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu ya gogo, mwingine huingia shimoni. Wa juu huuona mstari, naye ndiye auongozaye msumeno. Wa chini huvuta, na unga wa mbao humwangukia machoni. Ubao ukipinda, mwenye mbao hana haja ya kujua ni mkono wa nani ulioteleza. Hukata ujira wa wote wawili. Hivyo ndivyo ilivyo katika barafu. Waamuzi huandika alama moja kwa watu wawili. Mmoja akianguka, wote wawili wameanguka, hata kama mwingine alisimama imara kama mnara.

Basi, tuwatazame watu wenyewe.

Aljona Savchenko alizaliwa mwaka 1984 katika mji mdogo wa Obukhiv, kusini ya Kyiv, katika Ukraine. Alianza kuteleza akiwa mtoto mdogo sana, juu ya ziwa lililoganda. Akiwa na mwenzake wa kwanza wa sifa, Stanislav Morozov, alishinda ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2000. Miaka miwili baadaye walikwenda pamoja katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Salt Lake City, wakawa wa 15, kisha wakaachana. Mwaka 2003 msichana huyo mwenye miaka 19 aliondoka kwao akaenda Chemnitz, katika Ujerumani, kumtafuta mwenzi mwingine.

Aliyemkuta huko ni Robin Szolkowy. Huyu alizaliwa mwaka 1979 katika Greifswald, mji wa pwani ya Baltiki, wakati ule ukiwa wa Ujerumani ya Mashariki. Mama yake ni Mjerumani, na baba yake ni mtu wa Tanzania. Katika mchezo ambao watu weusi walikuwa wachache mno, kijana mwenye damu ya kwetu alifikia kilele chake, nasi hapa nyumbani wengi hatukuwa na habari. Hatusemi hivyo ili tujitwalie sifa isiyo yetu. Ujerumani ndiyo iliyomlea na kumfundisha. Twasema tu kwamba jina lake lafaa kujulikana katika nyumba zetu.

Mwalimu wao alikuwa Ingo Steuer, ambaye pamoja na Mandy Wötzel alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1997 na kupata nishani ya shaba ya Olimpiki mwaka 1998. Hapa pana jambo zito ambalo hatuwezi kuliruka. Ilijulikana baadaye kwamba Bwana Steuer, alipokuwa kijana, alipeleka habari za wenzake kwa polisi wa siri wa Ujerumani ya Mashariki. Kabla ya Michezo ya Torino ya mwaka 2006, wakubwa wa Olimpiki wa Ujerumani walimwondoa katika msafara. Naye akaenda mahakamani, akashinda, akasafiri. Serikali ikakataa kutumia fedha zake kwa ajili ya mwalimu mwenye mambo kama hayo. Wanafunzi wake wawili wangeweza kutafuta mwalimu mwingine. Hawakufanya hivyo, walibaki naye, wakaubeba upungufu wa fedha.

Je, walifanya vema? Watu wema wanaweza kutofautiana. Sisi twaona kwamba kubaki kwa mwalimu si kuubariki uovu wake, maadamu mtu hauiti uovu huo wema. Lakini twaona pia kwamba wale waliosalitiwa walikuwa na haki ya kuuona uwanja huo na kuumia. Mtu hawezi kusema, "Kwangu alikuwa mwema," akadhani neno hilo limefuta lile alilomtendea jirani. Tuyaache hapo, maana jambo hili lingejaza ukurasa mwingine.

Ushindi wao hatutauhesabu kirefu. Walikuwa mabingwa wa Ulaya mara nne. Walikuwa mabingwa wa dunia mara tano: mwaka 2008 huko Göteborg, 2009 huko Los Angeles, 2011 huko Moscow, 2012 huko Nice, na 2014 huko Saitama. Ule wa Nice waliupata kwa tofauti ya alama 0.11 tu. Katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010 waliteleza kwa muziki wa filamu ya Out of Africa, ile ya mwaka 1985 iliyopigwa katika Kenya, wakapata shaba. Mpasha habari mmoja angefurahi kuyaandika mengi juu ya mtoto wa Mtanzania akicheza kwa muziki wa milima ya Ngong mbele ya theluji ya Kanada. Sisi twaona ilitokea hivyo tu.

Tufike Sochi, mwaka 2014. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka 11. Yeye alikuwa na miaka 30, mwenzake 34. Dhahabu ya Ulaya walikuwa nayo, na ya dunia walikuwa nayo, lakini ya Olimpiki hawakuwa nayo. Baada ya sehemu fupi ya mashindano walikuwa wa pili, nyuma ya Warusi Tatiana Volosozhar na Maxim Trankov. Siku ya pili ikaja sehemu ndefu, ya dakika nne na nusu. Katika miruko ya bega kwa bega, Bwana Szolkowy alianguka. Wakaendelea. Mwishoni kabisa walikuwa wameweka tendo gumu kupita yote: mwanamume kumrusha mwenzake katika mruko wa akseli wa mizunguko mitatu na nusu. Mruko huo waitwa kwa jina la Axel Paulsen wa Norwei aliyeuruka mwaka 1882, nao huogopwa kwa sababu mchezaji huuanza akitazama mbele, kwa hiyo lazima aongeze nusu ya mzunguko kabla ya kutua. Bwana Szolkowy alimrusha. Bibi Savchenko alizunguka, akagusa barafu, akaanguka. Wakapata shaba tena.

Tusimame hapa kidogo. Kosa la kwanza lilikuwa la nani? La mwanamume, miguu ilikuwa yake. Na la pili? Hapo hesabu huharibika. Aliyeanguka ni mwanamke, lakini aliyemrusha ni mwanamume. Na kuliweka tendo hilo mwishoni, wakati miguu imechoka, ni shauri la pamoja. Mtu anayetaka kuligawa kosa hilo kwa mizani atakesha. Katika kazi ya wawili yako makosa yenye mwenyewe, na yako makosa yasiyo na mwenyewe ila wote wawili. Ugomvi mwingi wa washirika, katika karakana na katika mashamba, watoka hapa: kila mmoja huyahesabu ya namna ya kwanza, akayasahau ya namna ya pili. Mwaka wa mavuno mabaya huitwa kosa la yule aliyechelewa kupalilia. Lakini kupanda mbegu ile walikubaliana wote, usiku mmoja, kwa taa moja.

Mwezi uliofuata walikwenda Saitama, katika Japani, wakashinda ubingwa wa dunia wa tano. Kisha Bwana Szolkowy akaacha mashindano. Bibi Savchenko hakuacha.

Akamchagua Bruno Massot, Mfaransa, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mitano na ambaye hakuwa na sifa kama zake. Shirika la mchezo la Ufaransa halikumwachia kijana wao upesi. Msimu mzima ukapita bila wao kushindana, na fedha zikalipwa kabla mambo hayajaisha. Yeye akaondoka Chemnitz akahamia Oberstdorf, katika milima ya kusini, kwa mwalimu Alexander König. Kwa kuwa Olimpiki hudai kwamba wawili wote wawe raia wa nchi moja, ilimpasa Bwana Massot apate uraia wa Ujerumani, na ili aupate afaulu mtihani wa lugha. Alishindwa zaidi ya mara moja. Uraia aliupata mwezi wa Novemba 2017, na Michezo ilikuwa Februari.

Wapo waliosema, na katika mabaraza ya kwetu wangesema vivyo hivyo: Mwanamke huyu huwatumia wanaume kama ngazi. Alikuwa na Morozov, akapata ubingwa wa vijana. Alikuwa na Szolkowy, akapata ubingwa wa dunia. Sasa amemchukua Massot apate dhahabu iliyobaki. Maneno haya yana sura ya haki. Tuyapime.

Kwanza, yadai nini? Yadai kwamba mtu aliyeshirikiana na mwenzake katika kazi amemfunga mwenzake huyo milele, hata yeye mwenyewe akiisha kuiacha kazi. Bwana Szolkowy aliona mwili wake umetosha. Alikuwa na haki hiyo. Lakini kama alikuwa na haki ya kusimama, kwa nini mwenzake asiwe na haki ya kwenda? Ahadi ya kazi ina mpaka wake, nao ni kazi yenyewe. Mpasua mbao aliyeingia shimoni aliahidi kuvuta mpaka gogo liishe. Hakuahidi kwamba, yule wa juu akishuka na kurudi nyumbani, yeye atabaki shimoni akimkumbuka.

Hapa yatupasa kusema wazi neno moja, maana magazeti hupenda kuwaoza wachezaji wa namna hii, na watazamaji husahau kwamba wanaona kazi. Bwana Szolkowy na Bibi Savchenko hawakuwa mume na mke. Ndoa si ushirika wa kazi ulioongezwa upendo. Washirika wa kazi hushikamana kwa ajili ya kitu kilicho nje yao: mbao, samaki, nishani. Kitu hicho kikiisha au kisipowezekana tena, mshiko nao waweza kulegea bila aibu. Mume na mke hawakushikana kwa ajili ya kitu kilicho nje yao. Kwa hiyo, msomaji atakayetaka kuyachukua maneno tunayoyasema leo ili ajitetee nyumbani kwake, ajue kwamba hatukumwandikia yeye.

Lakini yako maneno ya upande wa pili, nayo twayasikia zaidi siku hizi, hasa kwa vijana wenye elimu. Husema: Kila mtu ni wake mwenyewe. Mkataba umekwisha, kwaheri, hakuna deni. Maneno haya ni mepesi kupita yale ya kwanza, na kwa maoni yetu yana uongo mwingi kuliko yale.

Fikirini jinsi kazi hii inavyofanyika. Mwanamke arushwaye hajui kuzunguka hewani kwa kusoma kitabu. Amejua kwa kurushwa mara elfu na mikono ya mtu fulani, ambaye naye amejifunza uzito wake, pumzi yake, na ile nukta ya wakati ambapo kiuno chake kiko tayari. Kila mmoja amekuwa fundi kwa mwili wa mwenziwe. Hata akienda kwa mtu mwingine, hawezi kuyavua mazoea hayo akayaacha mlangoni kama kandambili. Miaka 11 ya Bwana Szolkowy ilikwenda Oberstdorf ndani ya miguu ya Bibi Savchenko. Vivyo hivyo fundi wetu akienda katika karakana mpya, atakwenda na namna ya kuunga pembe aliyoonyeshwa na mwenzake. Nani atasema hakuna deni?

Basi deni lipo, lakini halimfungi mtu abaki. Lamfunga kwa nini? Tumelitafakari sana neno hili, na barafu yenyewe ndiyo iliyotusaidia.

Katika mchezo huu kuna wakati ambapo mmoja yuko juu, ameinuliwa kwa mkono wa mwenzake au amekwisha kurushwa. Wakati huo mwenzake hana uhuru wowote. Akichoka, asubiri. Akiona hasira, aimeze. Akikumbuka tusi la jana, alisahau mpaka miguu ya mwenzake iguse chini. Anayemwachilia mwenzake hewani hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alikuwa na haki ya kupumzika. Haki alikuwa nayo, lakini si katika sekunde hiyo. Mwenzake akiisha kusimama kwa mguu wake mwenyewe, ndipo kila mmoja aweza kwenda njia yake, na hakuna atakayeitwa msaliti.

Tukitazama hivyo, mambo mengi yanyoka. Baada ya Sochi, ambapo uchungu ulikuwa mbichi, hawakuachana kwa hasira. Walikwenda Saitama wakaimaliza kazi ya mwaka ule. Huko ndiko kuwekana chini. Na yule mshirika wa duka anayeondoka na fedha zake juma moja baada ya wenzake kuweka sahihi ya mkopo, huyo amemwachilia mtu hewani, hata kama mwanasheria wake atasema kila karatasi iko sawa. Yule mkulima anayemwacha ndugu yake wakati mahindi yamefika magotini, ni vivyo hivyo. Kosa lao liko katika saa waliyoichagua.

Mtu atasema: Mmeyafanya mepesi. Wako watu ambao hata wakiwekwa chini taratibu, wamebaki bila kazi. Mpasua mbao mmoja hapasui mbao. Mchezaji wa jozi asiye na mwenzi hana mchezo. Ni kweli. Hatuna jibu linaloondoa uchungu huo, nasi twaogopa waandishi wenye majibu ya namna hiyo. Tutamtaja mtu mmoja tu. Stanislav Morozov, yule mwenzi wa zamani wa Bibi Savchenko, aliendelea kuiteleza Ukraine na msichana mwingine, na msichana huyo alikuwa Tatiana Volosozhar. Mwaka 2010 Bibi Volosozhar alihamia Urusi kushirikiana na Maxim Trankov. Kwa hiyo Bwana Morozov aliachana na wawili, na wote wawili wakawa mabingwa wa dunia na watu wengine. Yeye akaacha mashindano. Kisha akakubali kuwa mmoja wa walimu wa Bibi Volosozhar na mwenzi wake mpya. Wale wawili ndio walioshinda dhahabu ya Sochi.

Kila tulipolifikiri jambo hili tumeona haya kidogo, sisi tunaokasirika mtu akikalia kiti chetu mkutanoni. Kusimama kando ya barafu, ukimwelekeza mwanamume mwingine jinsi ya kumshika mtu uliyemshika wewe miaka mingi! Wengine wataita huo ni unyonge. Sisi twaona kwamba aliujua ufundi wake vizuri, akakataa uzikwe pamoja na kushindwa kwake. Lakini hatusemi kwamba kila aliyeachwa lazima afanye hivyo. Hakuna awezaye kumdai mtu jambo kama hilo. Ni zawadi, na zawadi ikidaiwa huacha kuwa zawadi.

Na Bwana Szolkowy je? Watu humhurumia kwa sababu hakupata dhahabu ya Olimpiki. Twafahamu huruma hiyo, lakini hatuipendi sana. Yaonekana kama kwamba maisha ya kazi ya mtu ni njia ndefu inayopata maana pale mwisho tu, na mwisho ukikosa kung'aa, njia yote imepotea. Wazazi wengi hufanya hesabu hii juu ya watoto wao: mtihani mmoja, asubuhi moja, ndio wapime miaka 7 ya shule. Kwani yale ya Göteborg, ya Moscow, ya Nice hayakutendeka? Mwanamume aliyemwinua mwenzake miaka 11 na kumweka chini kila siku alikwisha kuifanya kazi yake kila siku ile. Nishani ni ushuhuda wa watu wengine juu ya kazi hiyo, na mashahidi huwa na saa zao za kuwapo na za kutokuwapo. Hata hivyo hatutajifanya kwamba dhahabu si kitu. Yeye mwenyewe aliitaka, akaamka mapema kwa ajili yake miaka mingi, na mtu mzima akikosa alichokitaka kwa haki huhuzunika kwa haki.

Tumalize habari yenyewe. Pyeongchang, katika Korea ya Kusini, Februari 2018. Bibi Savchenko alikuwa na miaka 34, na hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Katika sehemu fupi, pale pa kuruka bega kwa bega, Bwana Massot alizunguka mara mbili badala ya mara tatu. Kosa lilikuwa lake peke yake. Lilikuwa la namna ile ya kwanza, lenye mwenyewe. Wakawa wa nne. Mwanamke aliyeingoja dhahabu hiyo tangu Salt Lake City, miaka 16, alilala usiku ule akijua kwamba mguu wa mtu mwingine ulikuwa umemrudisha nyuma.

Kama deni kati ya wawili lina saa yake ya kulipwa, ilikuwa ile. Kesho yake waliingia barafuni kwa sehemu ndefu, iliyotungwa pamoja na Christopher Dean, yule Mwingereza bingwa wa zamani, na hakuna aliyemwachilia mwenzake hewani. Wakapata alama 159.31, ambazo mpaka siku ile hakuna jozi iliyokuwa imezipata katika sehemu hiyo. Kisha wakangoja wengine wamalize. Sui Wenjing na Han Cong wa China walipata jumla ya 235.47. Wao walikuwa na 235.90.

Kati ya walioshindwa siku hiyo walikuwamo Evgenia Tarasova na Vladimir Morozov wa Urusi, ambao waliingia wakiwa wa pili wakatoka wa nne. Mmoja wa walimu waliowaandaa alikuwa Robin Szolkowy.

Fundi wetu amerudi kutuona. Tulimwambia kwamba twaona aweza kwenda, lakini si sasa. Mkopo wa mashine umebaki miezi 6, na milango ya shule waliyoiahidi pamoja haijakamilika hata nusu. Alihesabu kwa vidole, akasema mwenye nafasi ile mpya huenda asimngoje mpaka wakati huo. Tulimwambia hilo nalo ni kweli. Akauliza kama twaweza kumwambia mwenzake kwa niaba yake, tukakataa. Aliondoka akiwa ameshika kofia yake mkononi, akapita njia ya karakana.